Jibu: Wikipedia, Quora au Reddit kwa kazi ya chuo?

Dada, umeuliza kati ya hizo tatu ipi uiamini kwa utafiti wako kuhusu bwawa la Owen Falls pale Jinja, Uganda. Mimi ningeanza na Wikipedia, ila nisingeinukuu. Shuka chini kabisa kwenye marejeo, uyafuate hayo. Kisha fungua ukurasa wa historia: utaona nani alibadilisha nini na lini, na kwenye majadiliano utaona wanabishania wapi. Quora na Reddit, mitandao ambako watu huuliza na kujibizana, kura za wasomaji ndizo hupandisha jibu, na jibu tamu mara nyingi hulipita lililo sahihi. Reddit naiingia kujua watu wanalalamikia nini, basi.

Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi: Wikipedia ilikutwa na makosa kama 4 kwa kila makala, Britannica, ile ensaiklopidia ya wataalamu, kama 3. Si mbaya! Lakini hizo zilikuwa za Kiingereza, zenye wasomaji wengi. Makala ya mistari mitano kuhusu kamji ka Busoga, eneo la huko Jinja, huenda iliandikwa na mtu mmoja, na hakuna aliyepita kuikagua.

Halafu, bwawa hilo lililofunguliwa 1954 siku hizi linaitwa Nalubaale. Tafuta kwa majina yote mawili.