Maswali ya Wasomaji: Polisi Wetu Tuwahoji Wapi?

Swali. Habari za kazi, wahariri. Kila msimu wa parachichi tunaibiwa shambani usiku. Kituoni tunaambiwa gari halina mafuta, lakini kukicha askari wa barabarani wamejaa kwenye barabara kuu. Nani anayepanga polisi wafanye nini? Mkutanoni tumelalamika hadi tumechoka. *Mkulima, Rungwe.*

Jibu. Ndugu mkulima, kijiji hakina mamlaka ya kumwamuru OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Hata halmashauri ya wilaya haina. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Amri inashuka kutoka kwa IGP, mkuu wa polisi nchini, kwenda kwa Kamanda wa Mkoa, kisha OCD, kisha mkuu wa kituo. Askari wa usalama barabarani nao wana wakuu wao wa mkoa na wilaya, kwa hiyo unaowaona barabarani si wale wanaopangiwa doria ya kijijini kwenu.

Mnachoweza kukibadilisha ni picha aliyonayo OCD mezani, na hapo ndipo vijiji vingi vinapokosea. Mtu akiibiwa anakwenda kwa mwenyekiti, anapewa pole, anarudi nyumbani. Kwenye kitabu cha kituo wizi huo haupo. Msimu ukiisha, kijiji kilichoibiwa mara 20 kinaonekana kimeibiwa mara mbili, na doria inapelekwa kwingine.

Basi kila wizi, hata wa kreti tatu, upate RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo. RB haiuzwi. Ukikabidhiwa kile kikaratasi, kisome kabla ya kuondoka dirishani: kiwe na kifupi cha jina la kituo, herufi RB, namba na mwaka. Baada ya siku chache rudi uulize namba ya IR, maana IR ndiyo inayoonyesha kwamba jalada la upelelezi limefunguliwa. Malalamiko mengi yanakufa katikati ya RB na IR, na mwenye mali anaendelea kuamini kesi inatembea.

Kamati ya Ulinzi na Usalama ya kijiji inunue kauntabuku moja na kuichora safu: tarehe, saa ya wizi, shamba, kilo au kreti, namba ya RB, saa polisi walipopigiwa, saa walipofika, namba ya IR. Safu mbili za saa ndizo zenye uzito kuliko zote. "Walichelewa" hubishaniwa, "walipigiwa saa 6:10 usiku, wakafika saa 3:40 asubuhi" hudai maelezo.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe angalau kila miezi mitatu, usomewe kauntabuku hiyo na upitishe azimio. Mwalikeni Mkaguzi wa Kata, yaani polisi aliyepangiwa kata yenu, awepo. Azimio liingie kwenye muhtasari, kisha mtendaji aandike barua kwa OCD, nakala kwa mkuu wa kituo, diwani na Mkuu wa Wilaya. Nakala ya Mkuu wa Wilaya msiisahau: ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na OCD ni mjumbe wake.

Ombeni jambo moja linalohesabika. "Tunaomba ulinzi uimarishwe" hujibiwa "tumepokea". Andikeni: "Tunaomba doria mbili kwa wiki, kati ya saa 5 usiku na saa 10 alfajiri, hadi mavuno yaishe." Mkutano unaofuata mnahesabu zilizofika.

Tahadhari mbili. Mtu asitajwe kwa jina mkutanoni kuwa ndiye mwizi. Tuhuma ya namna hiyo inaweza kumtoa mtu roho kabla ya usiku kuisha. Jina lipelekwe kituoni. Na askari akiomba fedha ya mafuta kwa mdomo, mwombeni aandike barua kwa kijiji. Fedha isiyo na stakabadhi hugeuka desturi, na mwisho wake asiye na fedha hapati askari.

Swali. Shikamooni. Mwanangu alikamatwa Ijumaa jioni kwa ugomvi wa stendi. Tunaambiwa dhamana ni laki moja. Nishtaki wapi? *Mama, Uyole.*

Jibu. Marahaba, mama. Dhamana ya polisi hailipiwi. Maadamu kijana bado yuko mahabusu, barua ya malalamiko isubiri. Nenda kwa mkuu wa kituo mwenyewe, uache kuongea na wa kaunta, ukiwa na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa. Muulize kosa gani limeandikwa. Kwa makosa yasiyo ya adhabu ya kifo, sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikishindikana, mkuu wa kituo anapaswa kufikiria kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Wanaokamatwa Ijumaa ndio huumia, kwa kuwa mahakama hufunguliwa Jumatatu. Akikataa, panda kwa OCD siku hiyohiyo.

Kuhusu hiyo laki, piga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kabla ya kutoa. Wao huandaa fedha za mtego na kumnasa anayepokea. Ukishalipa, inabaki kauli yako dhidi ya yake.

Swali. Kenya wana chombo huru cha kuwasimamia polisi. Sisi je? *Mwalimu, Iringa.*

Jibu. Kenya ilianzisha IPOA kwa sheria ya 2011. Kwetu malalamiko ya raia hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyomo kwenye Ibara ya 129 ya Katiba. Kulalamika huko ni bure. Tume huchunguza na kupendekeza, na inaweza kwenda mahakamani, ila kumwadhibu askari si kazi yake. Huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu nidhamu ya askari inabaki mikononi mwa wakubwa wake. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, ilipendekeza Jeshi la Polisi liundwe upya kuwa Huduma ya Polisi. Mbunge wenu mwulizeni pendekezo hilo limefikia wapi.

Swali. Kijiji kinaweza kuomba takwimu za kituo? *Mjumbe, Mufindi.*

Jibu. Ndiyo, kwa maandishi, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Ombeni idadi tu: RB za wizi wa mifugo kwa mwaka, ngapi zilipata IR, ngapi zilifika mahakamani. Mkitaka majina au mambo ya upelelezi unaoendelea, mtakuwa mmewapa sababu halali ya kuwanyima. Barua iwe nakala mbili, na moja mrudi nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.