Daktari, ni muhogo uliomuua mtamba wangu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Muheza, wote nawafungia bandani. Juzi tumevuna muhogo mchungu, ule wa kutengenezea makopa. Matete yaliniishia tangu siku iliyotangulia, basi nikawarushia majani na maganda mabichi. Haikupita nusu saa mtamba akaanza kuhema mbiombio, mate yanamtoka, anatetemeka, akaanguka na kufa. Mama yake kala hayo hayo na mzima. Majirani wengine wanasema nyoka, wengine jicho la mtu. Mbona maganda nawapa miaka yote?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Jicho la mtu si fani yangu, lakini kwa ulivyoeleza, mimi namshika muhogo kabla ya nyoka.

Muhogo mbichi una kitu kiitwacho linamarini. Kinakaa kimya mpaka jani lipasuke au litafunwe; hapo kimeng'enya cha mmea wenyewe hukivunja, ikatoka sumu ya sayanaidi. Jambo hili mikono yako inalijua zamani. Kisamvu unakitwanga kinuni, kisha unakichemsha weee. Kutwanga kunaifungua sumu, moto unaifukuza, maana huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu. Ng'ombe yeye anatwanga kwa magego, hachemshi. Tena vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinaisaidia sumu kutoka. Ikifika kwenye damu, mwili hauwezi kuitumia hewa safi iliyomo, ndiyo maana ng'ombe anatweta huku fizi zake ni nyekundu mno.

Miaka yote walipona kwa sababu ini huipoza sumu ikija kidogo kidogo, na ng'ombe aliyeshiba matete hula maganda kwa madaha. Safari hii muhogo ulikuwa mchungu, majani yamo, na walishinda na njaa. Mama mtu ana mwili mkubwa, au mtamba alimzidi kasi ya kula. Kwa sumu hii, kasi ya kula ni jambo kubwa.

Ila ng'ombe akifa ghafla usikimbilie kisu. Ugonjwa wa kimeta nao huua hivyo hivyo, na mzoga wake ukipasuliwa unaambukiza watu. Mwite kwanza bwana mifugo, na nyama hiyo isiliwe wala isigawiwe.

Siku nyingine ukiwahi dalili, ondoa chakula na upige simu. Dawa ni sindano za mshipani, sodiamu naitraiti na sodiamu thaiosalfeti, na si za kujidungia. Naitraiti yenyewe ni sumu ikikosewa: kuna ng'ombe wanaodhuriwa na naitreti, ndugu ya hiyo naitraiti, iliyomo kwenye majani yaliyojazwa mbolea; damu yao ni ya kahawia kama chokoleti, na hao ukiwapa naitraiti unawamaliza. Kwa hiyo mweleze daktari rangi ya fizi mapema. Wakati unamsubiri, ng'ombe mkubwa aliyesimama na anayemeza vizuri anaweza kunyweshwa siki lita 4 ndani ya lita 12 hadi 20 za maji baridi. Uchachu unapunguza kasi ya sumu kutoka tumboni. Aliyeanguka usimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni.

Maganda usiyatupe, ni chakula kizuri. Yakatekate, uyaanike membamba juani mpaka yavunjike mkononi kama makopa. Yakilegea tu bado hayajakauka. Kisha wape kidogo, juu ya matete na pumba, wakiwa wameshakula. Mtama mchanga nao una sumu ya namna hii, hasa machipukizi baada ya ukame. Usiukate kabla haujapita kiuno.

Na yale maganda mabichi yaliyobaki kwenye gunia, usiwape mbuzi. Nao wanacheua.