Mzee Anataka Kuona Treni, Nimfungulie Kamera Gani?

SWALI: Shikamoo anko. Mie niko Mikindani, mzee wangu magoti yamegoma siku hizi hatoki, kutwa yuko barazani. Utotoni alikulia Nachingwea enzi za treni ya karanga, basi stori zake ni treni tu. Nikamfungulia YouTube zile kamera za Marekani zinazoonyesha reli laivu, lakini kila nikifungua mchana nakuta giza na reli tupu, treni haiji, bando linakatika. Nakosea wapi? Na ipi nzuri ya kumwekea?
Binti wa Mzee, Mikindani

JIBU: Marahaba binti, na mzee mpe shikamoo yangu. Kwanza watoto wa siku hizi wasimbishie, treni ilikuwepo kweli huku kusini, Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, mradi ukafa kifo cha aibu na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaing'oa, tukabaki na bandari ya Mtwara na stori za wazee.

Sasa hilo giza. Hukosei kitu, ni saa tu. Ukifungua saa sita mchana hapo Mikindani, kule Pennsylvania ni saa kumi na moja alfajiri, na miezi ya baridi yao inakuwa saa kumi, sasa utaona nini zaidi ya taa? Fungua kuanzia saa kumi na moja jioni, kwao ndo asubuhi kumekucha. Kama mzee ni wa kulala mapema tafuta kamera za Uingereza, wao tumewazidi masaa mawili au matatu tu, ukimwekea baada ya chakula cha mchana ataona vizuri, ila kule nyingi ni treni za abiria, fupi fupi, zinapita fyuu.

Mimi ningemwekea Horseshoe Curve, iko karibu na mji wa Altoona hukohuko Pennsylvania. Ni kona ya mlimani, reli imezunguka kama kwato ya farasi, ipo tangu 1854 na mpaka leo treni za mizigo zinapita. Raha yake ni kwamba kichwa kinakuwa kimeshapita mbele yako na mabehewa bado yanaingia upande wa pili, unaanza kuhesabu makontena unachoka, halafu mwishoni unakuta vichwa vingine vinasukuma kwa nyuma maana mlima ule hauna mchezo. Akitaka ya abiria kuna La Plata, Missouri, stesheni ndogo tu, treni ya Chicago kwenda Los Angeles inasimama hapo.

Bando. Hapa ndo watu wanapigwa. Bonyeza kile kigurudumu cha setingi shusha ubora mpaka 240, kwenye kioo cha simu inatosha kabisa, ukiiacha 1080 saa moja inaweza kumaliza GB nzima na kupitiliza, na msimu wa korosho bado. Halafu usikae kusubiri! Laivu nyingi zinakubali kurudishwa nyuma masaa kadhaa, telezesha kidole taratibu kwenye ule mstari wa chini utaona vipicha vidogo, kikipita chenye treni achia hapohapo, mzee anaona treni yake na wewe unazima data.

Ila kama ana muda wa kusubiri mwachie sauti hata kama yuko na kahawa yake pembeni. Pale barabara inapokatiza reli dereva wa Marekani anapiga honi mbili ndefu, moja fupi, kisha ndefu tena, inasikika kabla treni haijaonekana, na kwa mtu aliyekulia karibu na reli naona hiyo ndo tamu kuliko picha yenyewe (hapo sibishani na mtu).

Angalia pia usiingizwe mjini, kuna channel zinaandika LIVE kumbe ni video ya zamani inazungushwa. Tazama saa iliyo pembeni ya picha, kama haitembei au ni jua kali wakati kwao ni usiku, toka. Na akitaka za kwetu, tafuta TAZARA au SGR ya Dar kwenda Dodoma, abiria wanarekodi dirishani wanapandisha, si laivu lakini atasikia Kiswahili ndani ya behewa.