Chakula cha mbwa ufungashe kwenye nini bila kuharibu mazingira? Uzoefu wangu

Mkuu umeuliza kifungashio gani kizuri kwa mazingira maana unataka kuanza kuuza chakula cha mbwa hapa Dar. Mimi nina mwaka wa nne kwenye hii kazi, natengeneza chakula kikavu cha punje, dagaa na mahindi ndo msingi wake, kwahiyo nakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Nilianza na mifuko ya kaki. Inapendeza aisee na wateja waliisifia. Ikaja masika, mteja wa Mbezi akanipigia nikaone mwenyewe, nafika nakuta chini ya mfuko kuna doa la mafuta kama kiganja, karatasi imelainika, naingiza mkono punje zimenyonya unyevu zinanuka mafuta yaliyochacha na kwenye kona ukungu wa kijani ushaanza. Nikamrudishia hela yake nikafukia kilo zote 10. Na hapo usichukulie poa, mahindi yakishika ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016, na mbwa inamuua pia, inakula ini. Halafu fikiria dagaa, mahindi na mkaa vyote vimeenda bure, huo nao ni uharibifu wa mazingira hata kama mfuko ulikuwa wa karatasi.

Nikauziwa mifuko ya plastiki "inayooza", bei karibu mara mbili. Nikaufukia mmoja kwenye matuta ya nyanya nyuma ya nyumba, miezi minane baadae nafukua naukuta mzima, maandishi yanasomeka. Baadae ndo nikaelewa, aina nyingi za ile mifuko zinataka mtambo maalum wa mboji wenye joto la nyuzi kama 60 kwa wiki kadhaa, sasa udongo wa bustani utaipata wapi hiyo joto? Na kuna zile zinazowekewa dawa ili zimeguke, zile zinakatika vipande vidogo vidogo vinabaki ardhini, Umoja wa Ulaya walizipiga marufuku tangu 2021. Ukiambiwa mfuko unaoza muulize muuzaji unaozea wapi na kwa muda gani.

Ile mifuko yenye rangi ya fedha inayong'aa ndani inatunza chakula vizuri kuliko yote, sibishi. Ila ni plastiki na alumini vimegandishwa pamoja na kuvitenganisha huku kwetu hakuna. Nilimpa kijana anayeokota makopo mtaani kwetu, akauminya, akanirudishia, "huu haununuliki bro". Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho, kama waokota makopo hawakitaki basi kitaishia mtaroni.

Sasa hivi natumia ndoo, zile za lita 20 za mafuta ya kula, nanunua kwa wakaanga chipsi. Zilizobeba rangi ya kupaka nyumba usiguse kabisa. Moja inabeba kilo 8 hivi. Mteja anaacha 5,000 ya ndoo, nikimletea iliyojaa nachukua tupu, asipoirudisha hela inabaki kwangu. Kazi iko kwenye kuosha, maji ya moto na sabuni mpaka utelezi uishe, halafu juani ikauke kabisa, na usimimine chakula kipya juu ya masalia maana yale ya chini yanachachisha yote.

Wenye mbwa wengi nawapa salfeti lenye nailoni ndani, hilo halitupwi, atawekea hata mkaa. Kwa pakiti za kilo moja nimebaki na plastiki nene ya aina moja tu, isiyo na tabaka la kitu kingine, hiyo wanaookota wanaichukua ikiwa safi. Marufuku ya 1 Juni 2019 ilikuwa ya mifuko ya kubebea, kifungashio cha bidhaa kinaruhusiwa ila lazima kikidhi viwango, kwahiyo nenda TBS, shirika la viwango, kabla hujachapisha lebo.

Na ukienda kununua ndoo fungua mfuniko uangalie ile raba ya ndani, kama imekatika iache, unyevu utapita hapo hapo.