Jibu: Nkejje aliyepoteza rangi kwenye formalini

Ndugu, salaam. Umeuliza kama nkejje, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, uliyemnasa miambani karibu na Jinja, Uganda, ambaye rangi yake imefutika ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhia samaki waliokufa) kabla hujampiga picha, bado anaweza kuelezwa kuwa spishi mpya.

Anaweza, lakini mmoja huyo hatoshi kumshawishi mtu. Kwanza mlinganishe na nkejje walioelezwa na Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950. Tazama meno kwa lenzi: mimi nilishikilia kwa miezi kadhaa kwamba nimepata spishi mpya, mpaka nilipoinua mdomo wa juu kwa sindano nikaona safu za meno zilezile zilizokwisha kuelezwa. Iliniuma sana.

Kisha rudi mwambani ukatafute wengine, hasa madume, maana rangi ya dume aliye hai ndiyo hutofautisha nkejje wengi. Mpige picha akiwa bado mbichi, kata kipande kidogo cha pezi ukitie kwenye ethanoli, ndipo umtie formalini, kwa kuwa formalini huharibu DNA. Jina litakubalika ukichapisha maelezo pamoja na kuteua kielelezo cha msingi, yaani samaki mmoja ambaye jina la spishi litafungamana naye, kihifadhiwe mahali ambapo watafiti wengine wataweza kukikagua.