Ukirudi Kuchora Baada ya Miaka, Anza na Jicho

Aliyependa kuchora utotoni kisha akaacha kwa miaka mingi, siku anayorudi hukuta mkono uko palepale alipouacha, lakini jicho limekwenda mbali. Miaka yote hiyo ametazama picha, filamu, mabango na nyuso za watu, na mchoro mzuri anaujua akiuona. Sasa anachora kikombe, na mara moja anaona kimekaa vibaya, ila hajui ubaya uko wapi. Wengi huweka penseli chini hapo na kusema kipaji kimekauka. Nawasihi wasifanye hivyo. Jicho linaloona kwamba mchoro haujakaa sawa limeshafanya nusu ya kazi. Linahitaji tu kufundishwa kuonyesha kosa lilipo, na hilo linawezekana kwa yeyote anayechora mara kwa mara.

Mara kwa mara nina maana ya muda mfupi, karibu kila siku. Mimi nilirudi kwa robo saa ya asubuhi, kabla simu haijaanza kuita. Ukingoja upate siku nzima iliyo huru utangoja mno, na hiyo siku ikipatikana utakuwa umeidai mambo mengi kiasi kwamba mchoro mmoja ukiharibika, siku nzima imeharibika. Robo saa haina uzito huo. Ukikosa leo, kesho chora robo saa ileile, usijaribu kulipa deni. Na daftari liwe la karatasi za kawaida kabisa, maana karatasi nzuri humfanya mtu aogope kuichafua. Andika tarehe chini ya kila mchoro, na usichane ukurasa wowote hata kama unakuudhi. Utauhitaji baadaye.

Vifaa visikuchukulie muda. Penseli ya HB, ya 2B na ya 4B zinatosha, pamoja na kifutio na kichongeo. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza mwaka 1795 ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo kisha kuuchoma, ugumu wa penseli umekuwa ukitegemea mchanganyiko huo: udongo ukizidi, ncha inakuwa ngumu na mstari unafifia, ndizo za H, grafiti ikizidi, ncha inakuwa laini na mstari mweusi, ndizo za B. HB iko katikati ya hizo mbili, na namba ya B ikipanda, ncha inazidi kuwa laini. Anza na mistari hafifu ya HB, weusi uje mwisho.

Sasa turudi kwenye kile kikombe, maana humo ndimo lilimo somo lote. Akili inajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara na kwamba kitako chake kimelala sawa juu ya meza. Basi mkono unachora mdomo wa mviringo juu na mstari ulionyooka chini, na kikombe kinaonekana kama kimekatwa kwa msumeno. Ukitazama kwa makini kutoka juu kidogo, utaona kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo. Sababu ni kwamba duara lililolala hujibana kadiri linavyokaribia usawa wa macho yako, na hufunguka kadiri linavyoshuka chini yake. Inua kikombe taratibu hadi mdomo wake ulingane na macho, utauona ukigeuka mstari mtupu. Ukishaliona jambo hili mara moja kwa macho yako mwenyewe, hulisahau tena, na sufuria, ndoo, gurudumu na mtungi vyote vinakuwa vimefunguka.

Kuna mazoezi matatu yanayoizuia akili isiuamrishe mkono. La kwanza ni kufuata ukingo wa kitu kwa macho polepole huku penseli ikitembea kwa mwendo uleule, bila kuangalia karatasi hata kidogo. Matokeo yatakuwa ya ajabu; yaache yawe hivyo, faida iko kwenye kutazama. La pili ni kugeuza picha juu chini na kuinakili hivyohivyo, ili pua isiwe pua tena bali mistari na pembe tu. La tatu, ambalo nalithamini kuliko yote, ni kuchora nafasi zilizo katikati ya vitu badala ya vitu vyenyewe. Chukua kiti na uchore ile hewa iliyo kati ya miguu yake. Hewa haina sura uliyoizoea, kwa hiyo unalazimika kuiangalia ilivyo, na ukimaliza unakuta kiti kimesimama chenyewe.

Vipimo navyo vinasaidia. Nyoosha mkono bila kukunja kiwiko, fumba jicho moja, na ulinganishe urefu na upana wa kitu kwa penseli. Kwenye uso wa mtu mzima, macho hukaa karibu katikati kati ya utosi na kidevu. Wengi wetu huyapandisha juu mno, kwa sababu tunavutiwa na macho na mdomo kuliko paji na fuvu. Kwa mwanga na kivuli, finya macho hadi maelezo madogo yapotee na ubaki na sehemu mbili tu, iliyopigwa na mwanga na isiyopigwa. Jaza hiyo ya pili kwa rangi moja ya kijivu kabla ya kugusa chochote kingine.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua kitu kimoja ukae nacho muda mrefu. Mimi nilikaa na mkono wangu usioshika penseli, kwa kuwa upo daima na hauchoki kukaa pozi. Ukichora kitu kipya kila siku, kila siku unapambana na ugumu mpya. Ukirudia kilekile, unaanza kutambua kwamba vidole havianzii mahali pamoja, kwamba kidole gumba kinaangalia upande wake, kwamba kivuli kilicho kizito zaidi kiko pale kidole kinapogusana na kingine.

Kunakili kazi za waliotangulia si aibu pia. Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na alianza kwa kunakili tena na tena karatasi za mazoezi zilizotayarishwa na mchoraji Mfaransa Charles Bargue. Nakili, ila siku inayofuata chora kitu halisi kilicho mbele yako, ili ulichokopa kipate kazi.

Ukitaka maoni, mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, wala usimuulize kama mchoro ni mzuri. Muulize jicho lake limetua wapi kwanza, na ni sehemu gani haimwelei. Majibu hayo unaweza kuyafanyia kazi kesho yake.

Miezi kadhaa ikipita, fungua kurasa za mwanzo, chagua kitu ulichokichora wakati ule, ukichore tena bila kuutazama mchoro wa zamani, kisha uiweke michoro yote miwili pamoja. Tafuta kosa ambalo halipo tena, na lile ambalo bado lipo. Hilo lililobaki ndilo zoezi lako la mwezi unaofuata. Langu kwa sasa ni nyayo za watu waliosimama: bado nazichora kana kwamba zinaning'inia, kwa sababu nasahau kutazama kivuli kilicho chini ya kisigino, kwa hiyo siku hizi kila mtu ninayemchora naanza naye chini kwenda juu.