Barua ya kuacha kazi irudishe kwenye pochi, uhakiki wa vyeti wa DataFlow kwanza

Mdogo wangu, hiyo tiketi usiilipie. Nimesoma swali lako mara mbili nikiwa kwenye basi la kazini: uko Mwanza, una diploma ya uuguzi, kazini una mwaka mmoja na miezi minane, kuna mtu amekuahidi viza ya matembezi ya siku 60 kwenda Dubai, barua ya kuacha kazi umeshaiandika na mwisho wa mwezi unaipeleka. Halafu unauliza chumba ni bei gani, Kiarabu kinahitajika kiasi gani na ubebe nguo gani. Wote waliokujibu wanakwambia nenda tu, Mungu atafungua njia. Na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na watu walionipenda kabisa.

Niliondoka Dar Februari 2018. Nilikuwa kwenye hospitali moja binafsi, wadi ya wazazi, nina mwaka mmoja na miezi kumi. Shika hiyo hesabu, maana ndiyo iliyonimaliza. Mamlaka ya Afya ya Dubai, DHA, mwaka ule ilikuwa inataka muuguzi awe na uzoefu wa miaka miwili. Nilipungukiwa miezi miwili. Miezi miwili, mdogo wangu! Ningevumilia zamu hadi Aprili, leo nisingekuwa na haya ya kukuandikia.

Kwa nini sikuvumilia? Kwa sababu ya wakala. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja Kariakoo, ukutani amebandika picha za wauguzi wenye sare nyeupe. Aliniambia tiketi za Februari ni rahisi, ikifika Aprili zinapanda. Nikamwuliza kuhusu uhakiki wa vyeti. Akasema, "Hizo ni karatasi tu, ukifika hospitali wenyewe wanakufanyia, wiki mbili umemaliza." Nikampa milioni tatu na nusu: za mama aliyeuza kiwanja, na za mchezo wetu wa kinamama niliyoomba nipokee wa kwanza. Mtu yule alijua. Alishapeleka wengine kabla yangu, alijua wamekwama wapi, na bado alinitazama usoni akahesabu hela za kiwanja cha mama yangu. Mpaka leo nikikumbuka vidole vyake vinavyopekua zile noti, mwili unanisisimka.

Sasa kosa lenyewe. Tiketi ilikuwa ya siku tisa mbele, kwa hiyo sikutoa notisi ya siku 28. Nilimpa inchaji wa wadi barua asubuhi, jioni nikachukua viatu vyangu kwenye kabati, basi. Inchaji alinipenda, akaniandikia barua nzuri ya uzoefu na kuipiga muhuri wa wadi. Nikaona nina kila kitu.

DataFlow hawasomi barua yako wakaridhika. Hilo ndilo watu hawaelewi. Hiyo ni kampuni inayohakiki vyeti kwa niaba ya mamlaka za afya za Ghuba. Kila karatasi unayowapa wanairudisha kwa aliyeitoa: chuo wanakiuliza kama ulisoma, Baraza la Uuguzi na Ukunga wanaliuliza kama leseni yako iko hai na huna kesi ya nidhamu, na mwajiri wanamwuliza uliingia lini, ukatoka lini, kwa cheo gani. Mwajiri kwao siyo inchaji wa wadi, ni ofisi ya utumishi. Na ofisi ya utumishi ya kule nilikotoka ilikuwa na faili langu limeandikwa kwamba nimetoroka kazini. Barua pepe ya kwanza hawakujibu. Ya pili hawakujibu. Nilipiga simu kutoka Deira, mtaa wa Dubai nilikokuwa nakaa, kwa vocha ya kukopa, dada wa mapokezi akaniambia, "Afisa utumishi anasema aliyeondoka bila kuaga hana wa kumjibia." Ripoti ikatoka: uzoefu haukuweza kuthibitishwa. Hela ya uhakiki hairudi.

Huku siku za viza zinakwenda. Kila asubuhi nilikuwa napanda metro na bahasha ya CV. Kliniki ya kwanza, ya pili, ya ishirini, swali la mapokezi lilikuwa moja: una barua ya DHA? Maana utaratibu wao ni huu: ukishahakikiwa na kufaulu mtihani, DHA wanakupa barua kwamba unastahili leseni, na barua hiyo inakaa mwaka mmoja ukitafuta mwajiri wa kukuamilishia leseni. Bila hiyo hawakuoni. Mdada mmoja Mfilipino pale mapokezi, roho yake nzuri, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole nisipoteze nauli.

Wakala nilipomlalamikia alinipa mbinu mbili. Ya kwanza, aninunulie barua ya uzoefu ya hospitali ya Tanga ambayo sijawahi hata kupita mbele yake. Nilikataa, na hapo peke yake ndipo nilipotumia akili mwaka ule wote, kwa sababu DataFlow wakikukamata na karatasi ya kughushi jina lako linachafuka Ghuba nzima. Ya pili nilikubali, kwa njaa: kumtunza bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwao Sharjah. Viza ya matembezi hairuhusu kazi yoyote, kwa hiyo walipoacha kunilipa mwezi wa pili wa kazi ile sikuwa na pa kwenda kushtaki. Bibi mwenyewe alikuwa mtu mwema, alikuwa ananifichia tende kwenye leso.

Viza iliisha mwishoni mwa Mei. Faini wakati ule ilikuwa dirham 100 kwa siku kwa mwenye viza ya matembezi (tangu 2022 ni 50). Kufika Agosti nilikuwa nadaiwa zaidi ya dirham 7,000, kwa bei ya wakati ule zaidi ya shilingi milioni nne, na mfukoni sina hata ya metro. Kilichoniokoa ni msamaha uliotangazwa na Imarati, yaani Falme za Kiarabu, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 kwa waliopitisha muda. Nilipanga foleni kwenye mahema ya Al Awir, joto la Agosti linavyojua kuchoma, na bahasha yangu ya vyeti kichwani kama mwamvuli. Wakafuta faini. Walikuwa wanatoa hata viza ya miezi sita ya kutafuta kazi. Niliitafakari foleni nzima. Lakini miezi sita ya kutafuta kazi bila uzoefu uliothibitishwa ni miezi sita ya kutembeza bahasha. Nikachagua kurudi nyumbani.

Unataka kujua ilivyofaa kufanywa? Nilianza upya. Kwanza nilirudi kwenye ile hospitali, nikamwomba radhi afisa utumishi, nikalipa mshahara wa notisi niliyoiruka, naye akafungua faili na kurekebisha. Alinifokea nusu saa, nikanyamaza, ilikuwa haki yake. Nikapata kazi hospitali ya misheni Morogoro, nikakaa zaidi ya miaka miwili bila kukatisha. Nikiwa bado naingia zamu nikatuma DataFlow, na safari hii kabla ya kutuma nilipita mwenyewe kila ofisi nikauliza: barua pepe yenu ya kujibu uhakiki ni ipi, na anayejibu ni nani? Nikaandika jina na namba yake. Ripoti ikatoka safi. Mtihani nikaufanyia Nairobi, nilikwenda kwa basi kupitia Namanga nikarudi keshokutwa yake, wadini hawakujua hata nilikokwenda. Usaili ulikuwa wa simu ya video. Mwajiri akalipa viza na tiketi, kwa sababu sheria ya kazi ya Imarati inamkataza kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Hapo ndipo nilipoandika barua ya kuacha kazi, na siku 28 nilizitumikia zote.

Kwa hiyo mtu anayekwambia uje kwanza ndiyo uhakikiwe, mwulize: kitu gani kwenye DataFlow kinahitaji niwe Dubai? Hakuna. Vyeti vyako viko Tanzania, chuo kiko Tanzania, mwajiri wa kukuthibitisha yuko Tanzania na ukiwa hapo hapo unaweza kumgongea mlango. Ukiondoka, kila karatasi moja inageuka kuwa safari ya simu na kubembeleza. Na angalia majina: kama cheti kina majina mawili na pasipoti ina matatu, maliza hilo sasa hivi kwa mwanasheria, wakati bado unalipwa mshahara.

Chumba: wengi wetu huanza kwa kupanga kitanda, siyo chumba. Pale Deira tulikuwa sita, kila mmoja na pazia lake. Kiarabu na nguo nitakujibu nikitoka zamu, na walioona nimekuwa mkali mnisamehe, ni usiku wangu wa nne mfululizo.

Ila wewe wa Mwanza, kesho kabla hujaingia wadini andika hapa neno moja tu, kwamba hiyo barua hujaipeleka. Nitafungua simu kwenye mapumziko kuangalia.